Vita vya Sinema na Vita Vyenyewe

Wengi wetu tulio hai leo hatujapata kusikia mlio wa mzinga ila katika sinema. Hilo ni jambo la kushukuru, na tungependa wajukuu wetu waweze kusema hivyo hivyo. Lakini lina hatari yake pia. Mtu asiyekijua kitu humwamini yule wa kwanza kumweleza, na kwa vijana wetu mwalimu wa kwanza wa vita amekuwa sinema: zamani katika majumba ya mjini, baadaye katika vile vibanda ambavyo watu huviita vibanda umiza, na siku hizi katika simu ya mkononi. Basi ni haki yetu kuuliza, je, mwalimu huyu asema kweli?

Hatusemi kwamba watu wasitazame. Mfanyakazi aliyeshinda kutwa bandarini au kiwandani ana haki ya kuketi jioni na kustarehe, wala hapana dhambi katika kumshangilia steringi. Tunalotaka ni kwamba anayetazama ajue anachotazama. Na maoni yetu ni haya: mwaka hata mwaka sinema ya vita imejifunza kusema kweli juu ya risasi, bali juu ya mzigo imenyamaza. Nayo vita, kwa sehemu iliyo kubwa, ni mzigo.

Tuanze na makosa madogo. Katika sinema nyingi mtu akipigwa risasi hurushwa nyuma kana kwamba amepigwa pembe na nyati. Jambo hilo haliwezekani, kwani risasi haina nguvu ya kumsukuma anayepigwa kuliko ile iliyomsukuma mpigaji begani mwake. Mtu aliyepigwa huanguka pale pale alipo, au pengine huendelea na mbio hatua kadhaa asijue kwamba amejeruhiwa. Bomu la mkono katika sinema hutoa mwali mkubwa wa petroli. Bomu la kweli hutoa mshindo, vumbi na moshi, na kinachoua ni vipande vya chuma ambavyo jicho haliwezi kuvifuata. Steringi hupiga bunduki asubuhi mpaka jioni bila kuishiwa. Bunduki waliyochukua Keya wetu katika Vita Kuu ya Pili ilikuwa na nafasi ya risasi 10 tu, na kila risasi ilikuwa imebebwa na mtu, nyumbu, gari au ndege mpaka ikafika pale. Katika sinema watu hunong'onezana kando ya rashasha. Katika vita hupigiana kelele sikioni, na wengi hurudi makwao wakiwa nusu viziwi.

Makosa mengine huchekesha. Mwaka 1968 John Wayne, mchezaji ambaye mwenyewe hakupata kupigana vitani, alitoa sinema iitwayo The Green Berets juu ya vita vya Vietnam. Mwisho wake jua latua baharini mbele ya pwani ya Da Nang. Atazamaye ramani ataona kwamba bahari ya Da Nang iko upande wa mashariki. Sinema iliyoweza kulitua jua mashariki haikuona tabu kuyageuza na mengine mengi.

Hata hivyo hapana budi kuwapa haki yao wale waliofanya kazi kwa uaminifu. Mwaka 1966 Gillo Pontecorvo alitengeneza The Battle of Algiers katika mitaa ile ile ambamo Waaljeria walipambana na jeshi la Kifaransa, akiwatumia wakazi wa mji badala ya wachezaji wa kazi hiyo. Yacef Saadi, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa mapambano hayo, alicheza ndani yake. Sinema ilionekana ya kweli hata ikalazimu kuwatangazia watazamaji kwamba hamna ndani yake picha hata moja iliyopigwa wakati wa vita vyenyewe. Mwaka 1986 Oliver Stone, aliyepigana Vietnam, alitoa Platoon, ambayo ndani yake askari wachoka, waogopa, na wafanyiana maovu. Kisha mwaka 1998 ikatoka Saving Private Ryan ya Steven Spielberg, inayoonyesha majeshi ya Marekani yakishuka ufukoni Omaha, nchini Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, siku ambayo zaidi ya Wamarekani 2,000 waliuawa au kujeruhiwa kwenye ufuko huo. Askari wazee walioitazama walitoka wakitetemeka, na idara ya serikali ya Marekani inayowatunza askari wastaafu ikafungua simu maalumu kwa ajili ya wale walioamshiwa majonzi ya zamani.

Huo ni ukweli, nasi twauheshimu. Lakini hata katika sinema hiyo kuna watu wasioonekana. Siku ile ile kikosi cha 320 cha maputo ya kuzuia ndege, kikosi cha Wamarekani Weusi, kilishuka na vyombo vyake chini ya risasi zile zile. Mtazamaji aweza kuitazama sinema tangu mwanzo hadi mwisho asijue kwamba watu hao waliwahi kuwako. Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yetu. Picha yaweza kuwa ya kweli katika kila tone la damu, na bado ikadanganya kwa wale iliowaacha nje.

Chukua vita vya Burma. Mwaka 1945 Marekani ilitoa sinema ya Objective, Burma!, ambayo ndani yake Errol Flynn na kikosi kidogo cha Wamarekani wanapenya msituni na kuwashinda Wajapani. Waingereza walikasirika wakisema kwamba wamenyang'anywa vita vyao, na sinema ikaondolewa katika majumba ya London, isionyeshwe tena mpaka mwaka 1952. Malalamiko yao yalikuwa na haki. Lakini jeshi la 14 lililopigana Burma lilikuwa na Wahindi wengi kuliko watu wengine wote, na pamoja nao walikuwamo Waafrika wa Magharibi na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Vijana hao ndio waliowafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya mwaka 1944, mpaka wakaufikia mto Chindwin mwezi wa Desemba.

Na vita vyao vilikuwa vya namna gani? Vilikuwa vya tope. Barabara ziligeuka uji, magari yakazama, chakula kikaangushwa kwa ndege. Jenerali William Slim, aliyeliongoza jeshi hilo, ameandika katika kumbukumbu zake kwamba mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyepelekwa hospitali kwa jeraha la vita, askari 120 waliondolewa kwa maradhi ya nchi za joto. Ndugu msomaji, isome tena hesabu hiyo. Mmoja kwa jeraha, 120 kwa malaria, kuhara damu na homa nyinginezo. Kama sinema ingelipanga dakika zake kwa kuifuata hesabu hiyo, mtazamaji angelikaa saa mbili akiangalia watu wakitetemeka chini ya blanketi, na risasi angeliiona kwa muda usiofika dakika moja. Silaha kubwa iliyoligeuza jeshi lile ilikuwa kidonge cha manjano cha kuzuia malaria, na amri kwamba kila askari akimeze kila siku. Hatujui steringi aliyepigiwa makofi kwa kumeza kidonge.

Sasa turudi nyumbani kwetu, kwani iko sinema mashuhuri inayohusu vita vilivyopiganwa katika nchi yetu hii. Nayo ni The African Queen ya mwaka 1951, iliyotengenezwa Uganda na Kongo, na iliyompatia Humphrey Bogart tuzo ya Oscar. Hadithi yaanza mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Waafrika waonekana mwanzoni wakiimba katika kanisa la misheni. Kisha askari wa Kijerumani wafika, kijiji chachomwa moto, na watu wachukuliwa kwa nguvu. Tangu hapo sinema yamfuata Mzungu mmoja na bibi mmoja katika mashua, wakipita mtoni mpaka ziwani, ambako manowari ya Wajerumani yapasuka na kuzama. Wale watu waliochukuliwa kijijini walikwenda wapi? Sinema haiwataji tena.

Ukweli ni wa ajabu kuliko hadithi. Katika Ziwa Tanganyika ilikuwako meli ya Kijerumani iitwayo Graf von Götzen, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kuungwa upya. Hakuna aliyeizamisha kwa bomu la kutengeneza kwa mikono. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai 1916 isije ikaangukia mikononi mwa adui, baada ya kuipaka mashine zake mafuta mazito zisiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba, jina ambalo kila mtu wa Kigoma analijua. Na mashua mbili za Waingereza zilizopigana ziwani humo, Mimi na Toutou, hazikuteremka kwa mto kama mchezo. Zilitoka Cape Town kwa reli, kisha zikakokotwa kupita milima ya Mitumba nchini Kongo kwa magari ya mvuke, kwa maksai, na kwa mamia ya wafanyakazi Waafrika waliokata miti, wakafungua njia, na kujenga madaraja zaidi ya 100.

Hao ndio watu ambao sinema imewasahau, na huko ndiko walikokwenda wanakijiji wake: kwenye mizigo. Wanahistoria hukadiria kwamba Waingereza peke yao waliwachukua wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile vya Afrika Mashariki, na zaidi ya 90,000 miongoni mwao walikufa. Wajerumani na Wabelgiji nao walichukua wao. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa kuhara damu, kwa baridi ya milimani, kwa kichomi, kwa njaa, na kwa unga mbaya usiosagika ambao matumbo yao hayakuuzoea.

Yafaa tueleze sababu iliyowafanya wawe wengi hivyo, kwani hiyo ndiyo elimu ya vita ambayo sinema haitoi. Tumchukue mpagazi mmoja aliyetwishwa ratili 50 za unga. Yeye mwenyewe ahitaji kula ratili 2 kila siku. Baada ya siku 25 atakuwa ameumaliza mzigo wote peke yake, na askari hajapata hata kijiko. Na kama apaswa kurudi alikotoka, hawezi kwenda zaidi ya siku 12 na bado akawa na kitu cha kumkabidhi mtu. Kwa hiyo wahitajika wapagazi wa kuwabebea wapagazi chakula, na wengine wa kuwabebea hao. Reli ikikoma na mbung'o wakiua wanyama, jeshi dogo lililo mbele huvuta nyuma yake kabila zima la watu wenye mizigo vichwani. Jenerali aweza kuwa hodari kama simba; unga usipofika, amekwisha.

Dar es Salaam yakumbuka habari hizo katika mahali pawili. Katikati ya mji ipo Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Mahali pa pili ni Kariakoo, jina lililotokana na lile jeshi la wapagazi la Waingereza. Maelfu hununua mchele na vitenge pale kila siku, na si wengi wanaojua kwamba wanatamka jina la watu waliokufa kwa mizigo.

Kwa nini sinema husahau? Sababu ya kwanza ni fedha. Mtu mmoja hodari huuza tiketi. Mstari wa watu 1,000 waliotwikwa unga hauuzi. Sababu ya pili ni kwamba mwenye vifaa ana neno lake. Atakaye kutengeneza sinema yenye ndege na manowari za kweli huziomba kwa wenye nazo. Wizara ya ulinzi ya Marekani ina ofisi inayosoma hadithi kabla ya kukubali kutoa msaada. Top Gun ya mwaka 1986 ilipewa ndege na manowari, na jeshi la majini likaweka watu wake wa kuandikisha vijana katika baadhi ya majumba yaliyoionyesha. Platoon ya mwaka huo huo iliyasema mabaya ya vita, ikanyimwa msaada. Wala sisi hatukuwa mbali na mchezo huo. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara ya sinema za makoloni, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza picha za kuwavuta Waafrika waunge mkono vita. Mwenye turubai na taa alijua tangu zamani kwamba kijana huandikwa jeshini kwa macho kabla ya kuandikwa kwa kalamu.

Wako watakaotujibu kwamba sinema ni starehe, na kwamba hakuna atakayelipa kiingilio ili akamtazame mbeba unga. Jibu letu ni kwamba imekwisha jaribiwa ikafaa. Ousmane Sembène wa Senegal, aliyewahi kuwa askari katika jeshi la Ufaransa, alitoa pamoja na Thierno Faty Sow sinema ya Camp de Thiaroye mwaka 1988. Ndani yake twawaona askari Waafrika waliorudi kutoka utekwani Ulaya wakidai mishahara yao, na jibu walilopewa na jeshi la Kifaransa alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944 lilikuwa risasi. Ufaransa ilisema kwamba waliokufa ni 35. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba walikuwa zaidi sana. Humo hamna steringi anayeshinda, na bado ni sinema ambayo mtu hawezi kuisahau. Tena mwaka 2006 Rachid Bouchareb alitoa Indigènes, juu ya askari wa Afrika Kaskazini walioikomboa Ufaransa. Pensheni za watu hao zilikuwa zimezuiwa zisipande tangu makoloni yalipojipatia uhuru. Mwaka huo huo Rais Jacques Chirac alitangaza kwamba pensheni zao za vita zitalinganishwa na za Wafaransa. Wazee walikuwa wamedai kwa miaka mingi bila kusikilizwa. Sinema moja iliyosema kweli ikawasaidia kusikika. Asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya starehe tu.

Nasi tunayo yetu ya kusema. Dunia inamjua Idi Amin kwa sinema ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006, ambayo hadithi yake yaishia mwaka 1976, kabla majeshi yake hayajaivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Vita vilivyofuata, mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, vilipiganwa na jeshi na mgambo. Lakini vilibebwa na taifa zima. Malori ya mashirika na ya watu binafsi yalitwaliwa kupeleka watu na vyakula zaidi ya kilomita 1,000, katika barabara za udongo na wakati wa mvua. Daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa na adui, ikabidi mafundi waweke njia nyingine ya kuvukia mto Kagera. Wako madereva, makanika, wapishi, wauguzi na mafundi wa madaraja ambao kila mmoja ana hadithi inayoweza kujaza turubai. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule leo amepita miaka 65. Kila mwaka tunawazika baadhi yao, na hadithi zao huzikwa pamoja nao.

Kwa hiyo tunatoa rai. Vyama vya wafanyakazi viwatafute wanachama wao wa zamani walioitumikia vita ile kwa usukani, kwa sufuria na kwa spana, na maneno yao yaandikwe au yanaswe wakiwa hai. Walimu wa historia wawaalike wazee hao darasani. Watengenezaji wa filamu wetu, ambao vipaji vyao tunavijua, wasione haya kumfanya dereva wa lori kuwa mtu mkuu wa hadithi. Hawana manowari wala ndege za kukodi, lakini barabara, mvua, tope na lori bovu vyote vipo, na hivyo ndivyo vita vyenyewe.

Na kwa mtazamaji tunalo ombi dogo. Kila utazamapo sinema ya vita, nyumbani au kibandani, uliza na watoto wako maswali matatu: Nani aliyebeba? Nani aliyepika? Nani aliyezika? Kama sinema ina jibu, itazame kwa heshima. Kama haina, ifurahie kama ngano, bali usiiamini. Kijana aliyefundishwa kwamba vita ni mchezo wa mtu mmoja asiyekufa ndiye rahisi kuchukuliwa na yeyote aliye na bunduki za kugawa. Ndugu zetu wasemao Kiswahili wa mashariki ya Kongo wamejua hivyo kwa uchungu tangu mwaka 1996. Wamewaona vijana waliochukuliwa kwa ahadi ya ushujaa wakipewa kwanza mzigo wa kubeba.

Waswahili husema, vita havina macho. Sisi tuliobahatika kuvitazama kwa mbali tusiwe nasi bila macho. Tuwafundishe watoto wetu wamheshimu askari aliyelinda nchi, na wamjue pia yule aliyetembea nyuma yake na ratili 50 kichwani, bila bunduki, bila nishani, na mara nyingi bila kaburi lenye jina.